Breki ya Dakika Moja

6 Januari

Wifi yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama yako aliyeketi hapa kando yangu akijifanya hasomi ninachoandika, hadi kaka yako aliyefuga masharubu na sasa anajiona waziri. Sote wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi, likipata joto linatulia. Kitinda mimba wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kucheka mbele za watu. Anauliza shangazi yake atakuja lini. Nimemwambia swali hilo akuulize mwenyewe, mimi nilishachoka kukujibia.

Naandika kwa sababu kaka yako amenisihi niandike. Anasema mimi na wewe kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, na mara ya mwisho ni mimi niliyekata. Sikatai. Uliniambia "nyinyi watu wa fagio" na damu ikanichemka. Kwenye karatasi angalau huwezi kunidakia maneno.

Haya, sikiliza. Huu ni mwaka wa kumi na moja nasimamia usafi wa wodi ya watoto. Nina wanawake kumi na mwanamume mmoja, na wote wanajua kazi. Tangu Novemba tumeletewa dawa mpya ya kuua vijidudu. Ile ya zamani ya klorini ilitutoa machozi na ilikula vitanda vya chuma, lakini tulikuwa tunaelewana nayo: unapaka, unangoja dakika kumi, unafuta. Hii mpya haina harufu, ukiitazama ni maji tu, na kwenye dumu wameandika dakika moja. Katibu wa hospitali, ambaye sisi tunamwita Bwana Kiyoyozi kwa kuwa hatoki kwenye ubaridi wake hata moto ukiwaka, alituita akatupungia cheti. "Dakika moja," akasema. "Sasa sitaki kusikia habari ya kuchelewa kumaliza wodi."

Cheti kimetoka maabara yenu. Saini iliyo chini yake ni yako. Naijua, ndiyo hiyo hiyo uliyotia kwenye kitabu cha harusi yangu ukiwa umenuna.

Tangu dawa hiyo ije, watoto wanaingia wodini kwa mguu uliovunjika, na siku ya tatu wanatapika na kuharisha. Desemba walikuwa tisa. Nakuuliza kwa adabu zote: mliipimaje?

Mimi wifi yako, na fagio langu.


19 Januari

Kwa wifi yangu,

Barua yako imenikuta mzima, namshukuru Mungu, ila mafua kidogo ya chumba baridi tunachofanyia kazi. Mwambie mama asiache kulikanda goti. Mwambie kaka masharubu hayampendezi, sijayaona lakini najua. Kitinda mimba mpe busu, na umwambie shangazi atakuja kazi ikipungua.

La "fagio" niliteleza ulimi. Tusonge mbele.

Umeuliza tuliipimaje, nakujibu kama ninavyowajibu wanafunzi. Virusi vinavyowatapisha watoto havikubali kukua kirahisi kwenye vyombo vyetu, kwa hiyo tunatumia binamu yao: kirusi cha ukoo huo huo, kigumu vilevile, lakini kinachokubali kufugwa. Kwanza tunaotesha seli hai kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo, hadi zitandike chini kama mkeka. Kisha tunachanganya virusi na uchafu wa makusudi, maana kwenu wodini hakuna kirusi kinachokaa mahali safi. Tunaongeza dawa. Tunabonyeza saa. Sekunde ya sitini ikifika tunatia breki, na mchanganyiko ule tunaupunguza makali mara kumi, tena mara kumi, tena mara kumi, kisha tunaumwaga juu ya seli. Kirusi kilicho hai kitatoboa mkeka. Kilichokufa hakitafanya kitu. Baada ya siku mbili tunatia rangi ya zambarau na kuhesabu matundu. Ili dawa ifaulu, katika kila virusi elfu kumi kisibaki hai zaidi ya kimoja. Dawa yenu ilifaulu. Niliihesabu kwa macho yangu haya.

Nadhani tatizo litakuwa kwenye kupaka. Watu wako wanalowesha vya kutosha? Au wanapitisha kitambaa juu juu? Wafuate maelekezo ya dumu, basi.

Jambo jingine. Wakija kukwangua meza zenu kwa pamba na kuipeleka kwenye kipimo cha PCR, usitishike wakisema kirusi kimekutwa. Mashine ile inasoma maandishi yaliyo ndani ya kirusi, na maandishi hayafutiki kwa sababu mwenyewe amekufa. Ni sawa na kukuta nguo ya mtu kwenye kamba. Hujui kama yuko ndani au amehama.

Wako, wifi.


2 Februari

Wifi,

Nakusalimu. Mama anakusalimu. Masharubu yamenyolewa, nilimsomea kaka yako mstari wako na akaingia bafuni na wembe. Kwa hilo nakushukuru, nimerudishiwa mume.

Kwa mengine, ngoja nikwambie. Umeandika kurasa mbili na nusu kunieleza usomi wako, na mwishoni ukauliza kama watu wangu wanalowesha vya kutosha. Wifi, mimi ndiye ninayewakagua. Mimi ndiye ninayepiga magoti kuchungulia chini ya vitanda, pale ambapo Bwana Kiyoyozi hata kiatu chake hakijafika. Tunalowesha. Tunahesabu dakika kwa saa ya ukutani, na kwa sauti, mpaka watoto wameshajifunza kuhesabu nasi.

Wagonjwa sasa ni kumi na saba. Mmoja ni kasichana ka miaka miwili, alikuja na kidole kilichobanwa na mlango. Kidole tu! Leo ni siku ya sita yuko kwenye dripu, na mama yake ananitazama kila ninapoingia na ndoo. Hasemi kitu. Ningependa aseme.

Na kweli wamekuja na pamba zao. PCR ikasoma kirusi kwenye meza tatu na kwenye kitasa cha mlango. Nikawaambia hiyo inasoma hata maiti. Bwana Kiyoyozi akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia nina wifi. Akasema mambo ya mawifi tuyaache nyumbani, akanisogezea karatasi: "Nakiri kwamba mimi na wafanyakazi walio chini yangu tulifanya uzembe katika kazi ya usafi." Nisaini hapo, yaishe, nitapewa onyo tu. Nimekataa. Akasema basi nitaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Nikamwambia nina viatu, nitakuja.

Sasa swali langu, na unijibu bila kunifanya mwanafunzi wako. Nimeisoma barua yako mara nne. Mimi nikimwaga dawa mezani, dakika ikiisha naifuta, na kitambaa kinaondoka nayo. Wewe umeimwaga ndani ya kichupa. Humo huna kitambaa. Dakika ikiisha, nani anaiambia dawa iache kazi? Umesema mnatia breki. Breki gani? Ndiyo ileile mliyokuwa mkitumia kwa klorini yetu ya zamani? Kwa sababu hii mpya si klorini, wifi. Nimeishika miezi mitatu. Hii ina uchachu kwenye ulimi kama ndimu, usiniulize najuaje.

Nangoja.

Mke wa kaka yako.


9 Machi

Wifi,

Wiki tano. Nimeuliza posta, wamesema hakuna kitu. Kaka yako amekupigia, ukamwambia una kazi nyingi na mtandao ni mbaya. Mtandao ni mbaya kwenye karatasi pia?

Salamu zipo, zichukue. Mama anaendelea vizuri. Nilikuwa nimekuficha jambo, na leo nalisema maana sina tena sababu ya kukutunzia usingizi: tangu tarehe ishirini na nane Februari niko nyumbani. Nimesimamishwa kazi mpaka kamati ikae, tarehe pili Aprili. Mama hajui. Kila asubuhi navaa sare, naaga, nazunguka mtaa mzima, narudi kwa mlango wa nyuma wakati ameshalala usingizi wake wa saa nne. Mtu mzima na watoto watatu najificha jikoni kwangu mwenyewe.

Na sababu ya kusimamishwa si ile karatasi ya uzembe peke yake. Nimeongezewa kosa la pili, na hili nimelifanya kweli.

Ulipokaa kimya nilichoka kungoja. Stoo tulikuwa na madumu sita ya klorini ya zamani yanayosubiri kuondolewa. Nikawakusanya watu wangu nikawaambia: wodi ina vitanda kumi na viwili kushoto na kumi na viwili kulia. Kulia tunaendelea na maji haya ya cheti, dakika moja, kama tulivyoamriwa. Kushoto tunarudi kwa klorini, dakika kumi, na vitambaa vya upande mmoja visivuke kwenda wa pili. Kila jioni niliandika kwenye daftari nani ametapika na yuko kitanda gani. Siku kumi na nne. Kulia waliugua wanane. Kushoto aliugua mmoja, na huyo mama yake alikuwa akimhamisha kwenda kucheza ng'ambo.

Siku ya kumi na tano Bwana Kiyoyozi alifanya jambo ambalo hajawahi kufanya, alitoka ofisini. Akanusa klorini. Daftari langu amelichukua, yuko nalo yeye. Ila mimi si mjinga, nilikuwa nanakili.

Madumu yamemwagwa. Pande zote mbili sasa zinafutwa kwa dakika moja. Watu wangu wananipigia simu na kunisomea hesabu, na kila jioni hesabu inapanda.

Nijibu, hata kama jibu ni kwamba nimechanganyikiwa. Nikiwa mwendawazimu nataka nijue kabla ya tarehe pili.

Wifi yako.


17 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Sijui niulizie hali gani kwanza. Ya mama, ya watoto, au yako unayezunguka mtaa na sare. Niliposoma hapo nililia kazini, nikasingizia dawa. Watu wakaamini, kwetu macho kuwasha ni jambo la kila siku.

Hujachanganyikiwa. Mimi ndiye niliyekosea.

Barua yako ya Februari niliipata siku tatu baada ya wewe kuiandika. Nilisoma pale uliposema "breki gani", nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa koti, na nikatembea nayo wiki nne. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nalijua jibu.

Maabara yetu, miaka tisa tangu niingie, imekuwa ikipima dawa za klorini tu. Kuna chupa moja ya kahawia kwenye rafu ya pili, ndani yake maji ya chumvi fulani inayoizima klorini papo hapo. Aliyenifundisha kazi aliiita breki, na mimi nikaiita breki, na niliowafundisha mimi wanaiita hivyo hivyo. Kwenye lebo pia kumeandikwa BREKI. Hakuna aliyeandika breki ya nini, maana ilikuwa moja. Siku ilipokuja dawa yenu nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Sekunde ya sitini ikafika, nikanyoosha mkono rafu ya pili. Kwenye daftari langu ipo mpaka leo: "Breki imetiwa." Ni kweli ilitiwa. Lakini dawa yenu ni ya asidi, wifi, kama ulimi wako ulivyokwambia, na asidi haina habari na chupa ile. Ilihitaji breki nyingine kabisa.

Na siku hiyo nilikuwa nikipima dawa tatu kwa pamoja. Vichupa vya dawa yenu vilisimama kwenye kibao chao dakika arobaini kabla sijaanza kuvipunguza makali. Dakika zote arobaini dawa ilikuwa ikiendelea kuua humo ndani, na mimi nikaandika dakika moja.

Kuna jaribio dogo la kuikagua breki yenyewe: unachanganya dawa na breki kwanza, halafu unatia virusi. Vikiishi, breki inafanya kazi. Linaongeza nusu saa tu kwenye kazi ya siku. Sikulifanya. Kwenye mstari wake niliandika "kama kawaida".

Wiki iliyopita nilirudia kila kitu, na breki inayostahili. Baada ya dakika moja sahani ilikuwa imejaa matundu. Katika kila virusi kumi, kimoja kilitoka kizima, na tulitakiwa kisitoke zaidi ya kimoja katika elfu kumi! Dawa ilifikia kiwango cha cheti dakika ya ishirini na tano. Nikarudia mara ya pili, na mara ya tatu, nikitafuta mahali pa kujificha. Hakuna.

Nikaenda kwa Mkuu wa maabara. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani ameulizia jambo hili?"

"Wifi yangu."

"Ni daktari?"

"Anapiga deki."

Akacheka. Akasema mwezi wa sita tutatoa cheti "kilichoboreshwa", bila kutaja cha kwanza, na kwamba nikikubali hadharani hakuna kampuni itakayotuletea dawa yake tena. Akasema nifikirie jina la maabara. Akasema pia nifikirie jina langu, na hapo, wifi, nilinyamaza. Nakwambia ukweli ili usinione bora kuliko nilivyo. Nilinyamaza, nikatoka, nikanawa mikono.

Sijui nifanye nini. Tarehe pili iko karibu. Kasichana ka kidole kanaendeleaje?

Wifi yako.


22 Machi

Wifi,

Kasichana ka kidole kamepona na kamerudi kwao. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ulilouliza kwa moyo safi.

Sasa kaa chini. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, na nilipofika kwenye "kama kawaida" nilirusha sufuria. Mama akaamka. Ikabidi nimwambie yote, sare, kamati, kila kitu. Unajua alisema nini mama yako? Alisema alikuwa akiniona kila siku napita dirishani, akadhani nimepata mwanamume. Anasema alikuwa anangoja kwanza amwone ndipo amwambie mwanawe. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni, na nikiwa pale chini kicheko kikageuka kikawa kilio.

Nimekukasirikia. Nimekukasirikia kwa ajili ya watu kumi na mmoja ambao wameitwa wavivu miezi minne, na mimi niliyewahesabia dakika yako kwa sauti mbele ya watoto wagonjwa. Uliniuliza kama wanalowesha vya kutosha! Usiniombe msamaha kwenye karatasi. Huo utauomba hapa, kwa mdomo, ukitazamana na mmoja wa watu wangu, dada anayefua vitambaa vya wodi. Yeye ndiye aliyeugua mwenyewe Januari na akaja kazini hivyo hivyo.

Unasema hujui ufanye nini. Mimi najua. Utaandika barua kwa kamati, kwa jina lako na cheo chako. Utaweka nakala ya ukurasa wa daftari la kwanza, wenye "breki imetiwa" na "kama kawaida" yake, na nakala ya majaribio matatu mapya. Usiandike kwamba mimi ni wifi yako na unanionea huruma. Sitaki kuokolewa kwa undugu. Nataka waambiwe dawa haikuua, wahesabu wenyewe. Na mimi nitaweka mezani nakala yangu ya kushoto na kulia.

Na huyo Mkuu wako akikuuliza tena kama mimi ni daktari, mwambie hapana, na ndiyo maana niliuliza.

Jina lako litachafuka, ndiyo. La kwangu lilishachafuka, na mimi sikukosea kitu.

Nangoja mpaka tarehe mosi. Usiponijibu, nitaingia na nakala yangu peke yake, na sitasaini.

Mke wa kaka yako.


27 Machi

Wifi yangu,

Mzima mimi. Mama mwambie nimecheka mpaka jirani wa meza yangu akaja kuniangalia.

Nimeipeleka. Bahasha moja kwa mwenyekiti wa kamati, moja kwa muuguzi mkuu, na moja kwa watu wanaotupa sisi leseni, ili Mkuu asiwe na namna ya kuziita zote zirudi. Hii yako imebeba nakala ya nne. Utaona sikukutaja kama ndugu. Mstari wa kwanza unasema: "Cheti nilichosaini mimi si sahihi, na kosa ni langu." Niliuandika mara saba. Kila mara kalamu ilitaka kuteleza iandike "kosa limetokea", kana kwamba lilishuka lenyewe na mvua.

Mkuu amepata habari kabla ya chakula cha mchana. Aliniita, akafunga mlango, akaniambia nimeiua maabara. Nikamwambia maabara inayokufa kwa kusema kweli itakuwa ilikuwa inaumwa zamani. Sijui nilipata wapi ulimi huo, nadhani nimeuambukizwa kwa njia ya posta. Amenivua haki ya kusaini vyeti na amenipeleka chumba cha kuosha vyombo. Kwa hiyo usiniite tena msomi. Tangu jana naosha vichupa, nasugua, nasuuza mara tatu, mikono imeanza kuchubuka.

Jambo moja nilifanya kabla ya kukabidhi funguo. Niliibandua ile lebo kwenye chupa ya kahawia. Nimeandika nyingine: YA KLORINI TU. Kila dawa mpya sasa itatafutiwa breki yake, na lile jaribio la nusu saa halirukwi na mtu. Niliwakusanya niliowafundisha nikawaeleza kwa nini, na nani aliyeuliza.

Nenda kawakabili.

Wako.


4 Aprili

Wifi yangu wa chumba cha kuosha vyombo,

Sote wazima hapa, na leo hata goti limekubali kutembea hadi sokoni. Kaka yako ameisoma barua yako ya mwisho kwa sauti mara mbili, na mara ya pili ilibidi amalize mama.

Nilikwenda tarehe pili kwa sare iliyopigwa pasi. Watu wangu wote kumi na mmoja walikuja wakasimama kwenye korido, waliokuwa zamu na wasiokuwa zamu, na ndoo zao. Hakuna aliyewaita. Ndani kulikuwa na viti vitano vya kamati na kimoja changu, kifupi kuliko vyao.

Bwana Kiyoyozi alisoma mashtaka kama anayesoma habari. Uzembe. Kisha muuguzi mkuu akasema kuna barua, akaisoma yote, polepole, kuanzia "kosa ni langu". Akaweka kurasa za daftari lako mezani, na mimi nikaweka kushoto na kulia yangu pembeni yake. Mwenyekiti alikuwa mzee wa macho mazito, nilidhani amelala. Alivuta karatasi zote mbili akazitazama sana. Akauliza, "Hizi zimefanywa na watu waliokubaliana?"

Nikasema, "Hapana, bwana. Sisi hata kwenye simu hatuelewani."

Nje wakacheka. Mlango ulikuwa wazi kumbe.

Shtaka la uzembe limefutwa, kwangu na kwa wote kumi na mmoja, na limefutwa kwa maandishi. Klorini imerudi wodini tangu jana, pande zote, dakika kumi, mpaka ipatikane dawa yenye cheti cha kuaminika. Nimerudi kazini asubuhi hii. Yule dada wa vitambaa anasema anakungoja, na anasema uje na sabuni ya mikono yako mwenyewe.

Lakini Bwana Kiyoyozi hakukubali kutoka mikono mitupu. Akasema linabaki kosa la pili: nilitumia dawa isiyoidhinishwa, nikavunja amri, na hilo sikulikana. Mwenyekiti akakuna kichwa, akasema kwa kanuni ni kweli, itabidi onyo moja liingie kwenye faili langu. Wakaniletea karatasi. Ilikuwa imeshapigwa chapa: "Nakiri kosa hili, nasikitika, na sitarudia." Chini yake mistari miwili mitupu ya maelezo ya mfanyakazi. Bwana Kiyoyozi akanipa kalamu yake mwenyewe, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nilichukua kalamu. Neno "sitarudia" nikalikata, mstari mmoja ulionyooka. Kwenye ile mistari miwili nikaandika kwa herufi kubwa, ili hata wa miwani asome:

"Ni kweli, nilitumia klorini upande wa kushoto. Nasikitika kwa watoto wa upande wa kulia."

Hiyo nimesaini.

Mimi wifi yako.